Kilio cha Swaumu

Boti ya doria ya uvuvi iligonga kisiki alasiri, katikati ya bwawa la Mtera, mahali ambapo maji yana rangi ya chai ya maziwa na hakuna anayeona kilicho chini. Ulisikika mlio kama wa mfupa unaovunjika. Injini ikapiga kelele bila kusukuma chochote, kisha ikazimika.

"Pangaboi limekwenda," alisema Koplo Yotham, aliyekuwa kwenye usukani.

Kabla ya bwawa pale palikuwa na msitu. Maji yalipanda, miti ikafa imesimama, na mingine bado inangoja chini ya uso wa maji. Yotham alikijua kila kisiki kwenye njia yake. Lakini upepo ulikuwa umewatoa kwenye njia, naye alikuwa akikimbiza boti kuliko desturi, kwa ajili ya mtu aliyelala karibu na miguu yake.

Mtu huyo ni Khamisi, mvuvi, mwenyeji wa Busi kule Kondoa. Asubuhi ile mamba alimkamata mguu akiwa anategua nyavu. Wenzake walimpigania mpaka mamba akaachia. Mkewe, Swaumu, akamfunga jeraha kwa khanga. Doria ilipopita karibu na kambi yao, watu wote walikimbilia kwenye matete, isipokuwa Swaumu. Yeye aliingia majini mpaka kiunoni akaisimamisha kwa mikono miwili. Sasa walikuwa wanamkimbiza mgonjwa zahanati, upande wa ukuta wa bwawa, na khanga ilikuwa imelowa damu mpaka maua yake hayaonekani.

"Afande, maji yanaingia," alisema Lydia, askari mwenzake Yotham. Alikuwa amepiga magoti, kiganja chake kwenye ufa. Alivua sweta lake, akalisokomeza pale. Maji yakapungua kidogo, hayakukoma.

Redio ya upepo ilikuwa imelowa, inakoroma tu. Simu hazikuwa na mtandao. Yotham alikata kidumu cha plastiki kwa kisu, akaanza kuchota maji na kumwaga nje. Kila alichomwaga, wimbi lilirudisha nusu yake.

"Mitumbwi ile!" Lydia alinyoosha mkono.

Kando ya matete ilionekana mitumbwi kadhaa. Yotham akawasha king'ora. Kikalia juu ya maji yote, kikali, cha kupanda na kushuka. Mitumbwi ikageuka, ikaondoka kwa kasi. Akawasha taa ya buluu. Mtumbwi mmoja uliokuwa karibu zaidi, watu wake wakalala chali ndani yake, ukabaki kama gogo linaloelea.

"Tunazama!" Lydia alipaza sauti. Upepo ukaipeleka kwingine.

Maji yalifika kwenye kifundo cha mguu. Swaumu alikipakata kichwa cha mumewe kisilowe.

"Afande," alisema taratibu, "zima hicho kitu."

"Nizime? Nikikizima watatusikiaje?"

"Kambini kwetu kikilia hicho, hata mwenye nyavu halali anakimbia. Ugali unaachwa motoni unaungua. Unawaita kwa sauti ya kuwafukuza."

Yotham alimtazama, kisha akautazama ule mtumbwi uliolala. Alizima king'ora, akazima na taa. Ukabaki upepo na maji yaliyogonga ubavu wa boti.

"Basi tuwaiteje, mama?"

Swaumu alijua. Alijua hata kabla hajaulizwa. Kwenye maji yale iko sauti moja ambayo mvuvi haikimbii, nayo ni kilio cha mwanamke aliyefiwa. Akisikia hicho, hata aliye na nyavu haramu huacha kila kitu akaenda. Lakini kumlilia mtu aliye hai! Alipokuwa mtoto kule Busi, mama yake alimchapa kwa kucheza mchezo wa msiba uani. Kumlilia aliye hai ni kumchuria. Midomo ya Khamisi ilikuwa tayari imekuwa ya kijivu. Je, kifo kikisikia kinaitwa?

"Siwezi," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia afanye nini.

Khamisi alifumbua macho. Alimfahamu mkewe.

"Nililie, mama Naima."

"Usiseme hivyo, baba Naima."

"Nikishakufa utalia bure, hakuna wa kukusikia. Lia sasa, kungali na faida." Alipumua kwa shida. "Na ulie vizuri. Usilie kama kuku aliyekosa mlango."

Machozi yalimtoka Swaumu, lakini sauti haikutoka. Ndipo Lydia alipokuja akakaa kwenye maji kando yake, akamshika mkono.

"Dada, tulie wote. Mama yangu alifariki mwaka jana, nami nilikuwa kazini, sikuwahi kumlilia. Nitamlilia yeye sasa. Wewe nifuate tu."

Akaanza. Alilia kama wanavyolia kwao Ugogoni, kwa sauti nene iliyotoka chini kabisa. Swaumu akapokea kwa Kirangi, akimwita mumewe kwa jina la utotoni, akimwuliza anamwachia nani watoto. Mwanzoni alikuwa anaigiza. Baada ya muda mfupi hakuwa anaigiza tena. Yotham alivua kofia yake, akaendelea kuchota maji huku macho yake yamelowa.

Kwenye ule mtumbwi kikainuka kichwa. Kisha cha pili. Kasia likaingia majini.

Mbele alikaa Matonya, Mgogo wa kambi ya jirani, ambaye nyavu zake Yotham alizichoma moto kabla ya Pasaka. Alipokaribia, alisimamisha mtumbwi, kasia likiwa juu.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," alisema Yotham. Hakuweza kumdanganya. "Tunazama, na mgonjwa anatuishia."

Matonya aliitazama sare. Miguuni pake kulikuwa na rundo la nyavu za macho madogo, hata dagaa asingepenya. Mtumbwi ulianza kurudi nyuma, kidogo kidogo.

"Mmenitega kwa kilio, afande? Hata kilio?"

"Nimelia mimi, Matonya," alisema Swaumu. Sauti ilikuwa imekauka. "Ukituacha, jioni utanisikia tena. Na hapo hakutakuwa na uongo."

Kasia lilikaa juu. Kisha likashuka, na mtumbwi ukaja mbele.

Walimpitisha Khamisi kwa uangalifu, wakamlaza juu ya zile nyavu, maana ndizo zilizokuwa laini. Mwenzake Matonya alivua shati lake akamfunika. Boti ilikuwa inainamisha pua.

"Nimeziona," alisema Yotham, akiangalia nyavu.

"Najua umeziona. Shika mguu wake, uinue juu. Usiguse jeraha."

Yotham akaushika, hakuuachia mpaka ng'ambo.

Njiani Khamisi alianza kusinzia, na hilo lilikuwa la kutisha kuliko damu. Matonya, akipiga kasia, alimwita mtani wake.

"We Mrangi! Nimeacha samaki nije kuzika, nakuta marehemu anaomba maji. Hata kufa kumewashinda?"

Swaumu aliinama kusikiliza pumzi.

"Niliogopa," Khamisi alinong'ona. "Mgogo akija kuzika... anamaliza pilau."

Matonya alicheka, akapiga kasia kwa nguvu zaidi, na kicheko chake kilikuwa karibu na kilio.

Zahanati ilimpa dripu, gari likampeleka Dodoma mjini. Walikata mguu chini ya goti, roho ikabaki. Kwa muda mrefu Swaumu aliamka alfajiri akagusa shingo ya mumewe kabla hata ya kumsalimu, kuhakikisha kifo hakikusikia.

Boti ilivutwa kutoka majini, ikapelekwa Kizota, Dodoma, kuungwa. Siku iliporudi bwawani, Khamisi alikuwa kambini na gongo lake, akishona nyavu za macho makubwa. Swaumu alikuwa anasonga ugali. Injini iliposikika, watu wakainuka, wengine wameshika ndoo, tayari kukimbia.

Injini ikazimwa mbali. Hakukuwa na king'ora. Boti ikaja polepole kwa kasia, na sauti ya Yotham ikapita juu ya maji:

"Hodi! Hodi jamani, ni sisi."

Hakuna aliyejua la kufanya. Swaumu alitazama matete, akatazama mumewe, akapunguza kuni.

"Karibuni," aliitikia, na siku hiyo ugali haukuungua.