Jua la Jioni Asubuhi

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne, picha iliingia kwenye kundi la simu la mtaa wetu. Ilionyesha dirisha la chumba cha kushonea cha shangazi yangu. Nyuma ya kioo alisimama mtoto wa kike, na shingoni mwake palikuwa na kitu cheupe. Chini ya picha kulikuwa na maneno: "Mtoto wa muuza mikate aliyepotea leo huyu hapa. Mshonaji amemfunga kamba, anamtoa kafara. Sambaza kabla hawajaifuta."

Mtoto alikuwa amepotea kweli. Mama yake alimtuma dukani mapema, kabla ya shule, naye hakurudi. Ni binti wa miaka saba. Mtaa mzima humwita Kapengo kwa sababu ya meno ya mbele.

Mimi nilikuwa likizo, nimefikia kwa shangazi. Kazi yangu iko gazetini, kwenye dawati la uhakiki: tunachukua habari zinazozagaa na kutafuta zilikotoka. Ndiyo maana pale kwa kinyozi wananiita Chanzo. Ukimwambia mvua inanyesha, wao husema, atauliza nani ameiona.

Nilimkuta shangazi anapiga pindo sketi ya shule. Simu yake ni ya kubofya, haina kundi wala picha.

"Shangazi, Kapengo amepita hapa leo?"

"Hajapita. Kwani kuna nini, mwanangu?"

Nilimwonyesha. Aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Hilo dirisha langu."

"Ndiyo."

"Na mimi nimekaa mbele yake tangu nimeamka," alisema, safari hii kwa kunong'ona.

Nilitoka nje. Kazini tunafundishwa hivi: acha maneno kwanza, soma picha. Mambo mawili hayakukaa sawa. Kwenye picha kioo kilikuwa na ufa, unaanzia kona ya chini, unapanda, kisha unagawanyika kama tawi. Kioo kilichokuwa mbele yangu kilikuwa kizima. La pili lilikuwa jua. Dirisha lile linatazama magharibi, na asubuhi liko kivulini. Kwenye picha jua lilikuwa limelipiga sawasawa, na vivuli vya nondo za dirisha vimelala juu ya uso wa mtoto. Hilo lilikuwa jua la jioni. Kapengo alipotea asubuhi ile, na jioni ilikuwa bado haijafika.

Nikashusha pumzi. Uongo wenye kosa kubwa namna ile hauhitaji mtaalamu.

Umati ulifika kabla sijarudi ndani. Mbele alikuwa kinyozi, ambaye kundini ndiye aliyeonekana kutuma wa kwanza. Nyuma yake muuza mikate, mtandio umemshuka mabegani, ameshikwa mkono asianguke. Wengine walikuwa na mawe. Mmoja alibeba dumu. Sikuuliza lina nini, harufu ilijibu.

"Tutolee huyo mama!"

"Picha umeipata wapi?" nilimuuliza kinyozi.

"Kwenye kundi."

"Kundi lipi?"

"Hili hili letu."

"Humu wa kwanza kutuma ni wewe."

Aliipekua simu yake juu hadi chini. "Mimi niliikuta imeshatumwa kwa jina langu," alisema taratibu.

"Basi hiyo simu iajiri," mtu alidakia, "inajua kazi kuliko wewe!" Wachache walicheka.

"Lisemwalo lipo!" mama mmoja alipaza sauti. "Na kama halipo, laja!"

Kicheko kikakatika. Mwenye dumu alisogea hatua moja.

Nilipanda juu ya ndoo iliyogeuzwa. Sikuwaomba waniamini. Niliwaomba watazame.

"Fungueni simu zenu. Kioo cha kwenye picha kina ufa au hakina?"

"Kina," walijibu.

"Na hiki hapa?"

Shingo ziligeukia dirishani.

"Jua liko wapi sasa hivi?"

Fundi viatu wa pale mtaani alinyoosha kidole. "Nyuma ya nyumba."

"Na kwenye picha?"

"Mbele." Aliinamia tena simu ya jirani yake. "Liko mbele, jamani."

"Mama, Kapengo kapotea lini?"

"Asubuhi hii," muuza mikate alisema. "Asubuhi hii hii, baba."

"Basi nani kampiga picha jioni?"

Shangazi alifungua mlango mwenyewe. "Ingia wewe uliyepotelewa na mtoto," alimwambia muuza mikate. "Wengine wasubiri." Mwanamke aliingia, akafungua kila kabati, akatoka akitikisa kichwa. Dumu likawekwa chini. Simu ya muuza mikate iliita akiwa bado kizingitini. Kapengo alikuwa kwa bibi yake, mtaa wa pili. Alikwenda kuonyesha jino jipya.

Watu walitawanyika wakitazama chini. Lakini aibu nayo ina hasira zake. Jiwe lilirushwa kutoka nyuma yao, na mkono uliolirusha sikuuona. Nilisikia kioo kikilia mara moja. Hakikudondoka. Nilimsukuma shangazi ndani nikafunga mlango, sikugeuka kukitazama.

Jioni muuza mikate alikuja na mkate uliofungwa kwenye karatasi, amemshika Kapengo mkono.

"Dada, sijui nianzie wapi."

"Anzia kwenye kiti, ukae," shangazi alisema. "Ulikuwa unatafuta mtoto. Ningekuwa mimi ningechungulia hata chini ya kitanda cha mfalme."

Niliwaacha wakizungumza, nikatoka na ufagio kuzoa mawe. Kisha nikainua macho.

Kapengo alikuwa dirishani. Alikuwa amejivika utepe wa kupimia wa shangazi shingoni. Mweupe. Jua lilikuwa limelipiga dirisha. Vivuli vya nondo vililala usoni mwake. Ufa ulianzia kona ya chini. Ulipanda. Uligawanyika.

Nilitoa simu, nikalinganisha. Mkunjo wa pazia. Kidole kimoja kwenye nondo. Mdomo uliofumbwa. Hakuna kilichopungua.

Maneno yalikuwa uongo. Hapakuwa na kamba, hapakuwa na kafara, shangazi hakumfunga mtu. Hilo nimelihakiki na nitalisimamia popote. Lakini picha ilikuwa ya dakika ile ile niliyosimama pale. Na tulikuwa nayo tangu asubuhi.

Nikatafuta alikosimama mpigaji. Ng'ambo ya njia kuna ukuta wa ghala, hauna dirisha wala mlango. Nilirudi nyuma nikiwa nimeinua simu, hadi mgongo ukagusa matofali. Dirisha bado lilionekana kubwa kuliko kwenye picha. Aliyeipiga alikuwa nyuma yangu zaidi.

Ukuta ulikuwa baridi. Na jua lilikuwa limeupiga hadi adhuhuri.

"Mwanangu," shangazi aliita kutoka ndani, "mbona umejibandika ukutani kama tangazo?"

"Nakuja, shangazi."

Simu ikatikisika mkononi. Picha nyingine. Mlango wa shangazi, umefungwa kwa nje, una kufuli. Maneno: "Mshonaji amekimbia. Amekubali kosa. Sambaza."

Aliyeituma nilikuwa mimi.

Sikuwa nimegusa kitu. Chini yake kinyozi alikuwa tayari ameandika: "Haya Chanzo, wewe umeipata wapi?"

Niliandika jibu, nikalisoma mara mbili kabla ya kulituma: "Si kweli. Shangazi yuko nyumbani na hajakimbia. Mlango wake hauna hata mahali pa kutia kufuli, hufungwa kwa komeo la ndani. Msisambaze." Fundi viatu alikuja kujionea. Aliupapasa mlango juu hadi chini, akaandika kundini: "Nimeona. Hakuna kufuli." Wengine watatu walifuata. Hakuna aliyesambaza.

Nilipomweleza shangazi, alicheka kidogo. "Nikimbilie wapi na sketi za watoto wa watu?" Halafu akalitazama komeo lake. "Leo nitalala humu humu chumbani," alisema.

Saa moja asubuhi ya Jumatano nilitoka kwa mlango wa uani, nikazunguka nyumba hadi mbele. Kwenye mlango wa shangazi kulikuwa na pete mbili za chuma ambazo jana hazikuwapo, zimeshika kutu ya miaka, na kufuli limening'inia kwenye pete moja. Lilikuwa wazi, bila ufunguo: picha ilikuwa imetimia nusu. Nilimwita shangazi kupitia mlango. Aliitika kutoka ndani.