Vijiti vya Sufu Nyekundu

Kila asubuhi ya likizo ya Pasaka, kabla hata hajapiga mswaki, Marsaili alikuwa na wanakondoo wawili yatima wa kunyonyesha. Walinyonya chupa kwa fujo hadi maziwa yakamrukia usoni. "Taratibu, walafi nyie!" aliwafokea huku akicheka. Kisha alikunywa uji wake harakaharaka, akavaa mabuti na kwenda kwa mjomba wake, Lachlan, aliyelima ndani ya hifadhi ya ndege, kati ya vilima vya mchanga na barabara.

Mwaka huu ulikuwa mwaka wake. Tangu akiwa mdogo aliwatazama binamu zake wakitangulia trekta wakati wa kulima, na sasa, akiwa na miaka kumi na miwili, kazi ilikuwa imemfikia yeye. Piwiti, wale ndege wenye kishungi wanaolia jina lao wenyewe, hutaga mayai chini kwenye udongo mtupu, pale pale plau inapopita. Kwa hiyo lazima mtu atangulie kwa miguu, aende na kurudi shamba zima. Akiona kiota huchomeka vijiti viwili vilivyofungwa sufu nyekundu, kimoja hatua kumi kabla ya kiota na kingine hatua kumi baada yake. Havichomekwi karibu zaidi, maana kunguru naye ana macho. Dereva akikiona kijiti cha kwanza huinua plau, na akifika cha pili huishusha.

Mjomba Lachlan hakuwasha trekta kabla ya kuuliza swali moja, lile lile alilokuwa akiuliza baba yake: "Umepita kwa miguu yako?" Ukisema ndiyo, analima. Hakuuliza mara mbili wala hakwenda kukagua.

Shamba la kwanza lilikuwa kubwa, tena lenye mabonde, ukiwa upande mmoja huoni wa pili. Marsaili akamwomba rafiki yake Rhona amsaidie. Walikuwa wamekaa dawati moja tangu chekechea. Hapakuwa na siri ya Marsaili ambayo Rhona hakuijua.

"Wewe nenda upande wa baharini, mimi naenda wa barabarani," alisema Marsaili, akimpa vijiti ishirini alivyovifunga kwa kamba yeye mwenyewe, mafundo matatu. "Usisahau, hatua kumi."

"We Marsaili, unaniona mgeni? Nimezaliwa hapa hapa."

"Na mbwa wako je?"

"Nimemfungia nyumbani. Haya mwalimu, naomba ruhusa niende!" Rhona alipiga saluti, wakacheka wote wawili mpaka wakashika mbavu.

Marsaili alitembea asubuhi nzima huku upepo ukimchoma masikio. Alipata viota sita. Adhuhuri Rhona alirudi mashavu yakiwa mekundu, mikono mitupu.

"Vingapi?" aliuliza Marsaili.

"Hata kimoja. Nadhani ule mwani mliomwaga kule kuwa mbolea umewafukuza. Vijiti nimeviacha uani, nitakuletea."

Marsaili aliwasikia piwiti wakilia upande ule. Kitu kikamgusa moyoni, lakini akakipuuza. Angeanzaje kumkagua Rhona? Mjomba alikuwa tayari ameketi kwenye trekta, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Umepita kwa miguu yako?"

"Ndiyo, Mjomba," alijibu Marsaili. "Tumepita."

Trekta ikanguruma.

Saa mbili baadaye, ndege walikuwa wakizunguka juu ya upande wa baharini na kulia kwa namna ambayo hata kondoo waliinua vichwa. Bi Effie, mlinzi wa hifadhi, aliruka uzio akaja mbio, darubini ikimpigapiga kifuani. Alitembea nyuma ya plau, akachutama, akasogea kidogo, akachutama tena. Trekta ikazimwa.

"Viota vitatu," alisema kwa sauti ndogo. Kiganjani mwake mlikuwa na maganda ya rangi ya udongo, yenye madoa meusi. "Mayai kumi na mawili, Lachlan."

Mjomba alivua kofia. Aliwageukia wale wasichana. "Upande huu alipita nani?"

Marsaili alimtazama Rhona, akingoja afungue kinywa. Rhona alikifungua.

"Ni Marsaili," alisema, bila hata kupepesa macho. "Mimi nilikuwa upande wa barabarani."

Marsaili alihisi kama ardhi imemtoka chini ya miguu. Alitaka kusema, lakini machozi yakawahi kabla ya maneno. Mjomba aliyaona yale machozi akayasoma vibaya.

"Nilikuuliza, ukaniambia ndiyo," alisema polepole. "Jumamosi ijayo tunalima shamba la ufukweni. Nitatafuta mtu mwingine wa kutangulia." Hakupandisha sauti, na ndiyo maana iliuma zaidi.

Marsaili alikimbilia kwenye vilima vya mchanga. Alijitupa chini akalia hadi kwikwi zikamshika. Hakulilia mayai peke yake. Alililia dawati, siri, na vile vicheko vya asubuhi. Alipoinua uso kujifuta, aliona kitu chekundu kikichungulia kwenye shimo la sungura. Akaingiza mkono, akavuta. Vijiti ishirini. Kamba yake ilikuwa bado imefungwa, na yale mafundo matatu hayakuwa yameguswa.

Alimkuta Rhona nyuma ya nyumba yao akianika nguo. Alivitupa vijiti miguuni pake.

"Umevitoa wapi?" Rhona alishtuka.

"Ulipovificha. Hukupita, Rhona! Hata hatua moja!"

Rhona aling'ang'ania shati bichi mikononi. "Wale wasichana wa sekondari waliniita ufukweni, walikuwa wamewasha moto. Wao huwa hawaniiti, wewe mwenyewe unajua. Ningewaambia nini? Kwamba natafuta mayai?"

"Ungeniambia mimi! Ningepita pande zote mbili."

"Ni mayai tu, Marsaili."

"Na mimi je? Mimi nami ni yai?"

Rhona aliinamisha kichwa. "Nilidhani mjomba wako atakusamehe upesi. Wewe ni damu yake."

"Kwa hiyo ukanitupia mimi lawama." Marsaili aliokota vijiti vyake akaondoka. Alingoja kuitwa jina, walau mara moja. Hakuitwa.

Mjomba Lachlan alikuwa jikoni, mbele yake biskuti za shayiri na jibini ambavyo hakuvigusa. Marsaili aliweka vijiti mezani, akasimulia yote bila kupumzika. Mjomba aliligeuza lile fundo kwa kidole chake kinene.

"Hili ni fundo lako," alisema. "Basi nilikuonea kwa hilo, na nakuomba radhi, mwanangu." Marsaili akashusha pumzi. "Ila keti. Nilikuuliza nini kabla ya kuwasha trekta?"

"Kama nimepita kwa miguu yangu."

"Ulikuwa umepita?"

Marsaili aliangalia mabuti yake. "Nusu," alisema mwishowe.

"Nusu. Rhona alikudanganya wewe, na dhambi hiyo ni yake. Lakini mimi aliyenidanganya si Rhona. Uongo wake ulinifikia kwa mdomo wako."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. "Ni rafiki yangu, Mjomba. Namaanisha, alikuwa rafiki yangu," alisema, akijichanganya, na machozi yakaanza upya. Mjomba akamsogezea sahani.

"Kula. Jumamosi utatangulia wewe. Ukiulizwa, ujue unajibu nini."

Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, Marsaili aliviweka vijiti mbele ya mlango wa akina Rhona. Hakubisha hodi; la kuvifanyia aliamue Rhona mwenyewe. Wiki nzima hawakusemezana. Dukani walipishana kama watu wasiojuana.

Jumamosi asubuhi, Marsaili alipofika kwenye lango la shamba la ufukweni, alimkuta Rhona amesimama pale na mabuti yake, vijiti kwapani. Mjomba na Bi Effie walikuwa karibu na trekta. Rhona aliwaendea mwenyewe.

"Upande wa baharini ulikuwa wangu mimi," alisema. "Sikupita. Nilikwenda ufukweni, kisha nikamsingizia Marsaili. Naomba mnisamehe. Na nipeni nusu leo, tafadhali."

Bi Effie aliishusha darubini. "Mayai hayarudi kwa samahani," alisema. "Lakini kazi bado ipo. Lachlan?"

Mjomba alimgeukia Marsaili. "Aliyekosewa ni huyu. Aseme yeye."

Marsaili alitamani kusema hapana. Alikuwa na haki hiyo, na moyo bado ulikuwa unawaka. Akaangalia shamba, akaangalia ndege waliokuwa wakibingirika hewani. "Achukue upande wa uzio," alisema, bila kumtazama Rhona.

Walitembea hadi adhuhuri. Walipomaliza, mjomba alipanda trekta, akashusha kofia.

"Umepita kwa miguu yako?"

Rhona alimkazia Marsaili macho, akisubiri.

"Upande wa chini nimepita," alisema Marsaili. "Upande wa uzio amepita Rhona. Mimi sijauona."

Uso wa Rhona uliiva kwa aibu. Mjomba akatoa ufunguo, akautia mfukoni. "Basi nangoja," alisema.

Marsaili aliupita upande wa uzio wote, akienda na kurudi, macho chini. Kila kiota kilikuwa na vijiti vyake viwili, hatua kumi kamili, alizihesabu mwenyewe. Kwenye kona ya mwisho, vijiti vilikuwa vimesimama mahali ambapo yeye hakuona kitu. Alichutama. Katika kishimo kilichoanza tu kuchimbwa, lilikuwepo yai moja, limetagwa karibuni.

"Huenda ni jozi mojawapo iliyopoteza kiota wiki iliyopita," Bi Effie alisema alipoitwa kuliona. "Wakiwahi, hutaga upya. Ni jicho kali lililoliona hili."

Marsaili alirudi kwenye trekta. "Sasa nimepita kwa miguu yangu, Mjomba. Shamba lote."

Mjomba hakuwasha trekta mara moja. Aliinama kutoka kitini, akazungumza na wasichana wote wawili. "Rhona, leo umefanya kazi safi, na bado imebidi ipitwe mara ya pili. Hiyo ndiyo gharama ya uongo: hata ukisema kweli, watu watakwenda kuangalia. Na wewe Marsaili, mpende rafiki yako upendavyo, lakini usimshuhudie mtu kwa jambo usiloliona. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa," walijibu.

Plau ilishuka, udongo ukaanza kupinduka, na kila penye kiota ikainuka.

"Utaniamini tena lini?" Rhona aliuliza, karibu asisikike kwa mngurumo.

Marsaili alifikiri. Hakutaka kumdanganya.

"Sijui," alisema. "Jumamosi ijayo kuna shamba la kanisani. Njoo. Utatangulia, na mimi nitapita nyuma yako."