Mpe Babu Kiti

Kigoda kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana Tukuyu jua lilikuwa halijaonekana tangu Jumanne. Lilikuwa joto lile la kiti ambacho mtu kanyanyuka sasa hivi. Ikupa aliondoa kiganja, akakifuta kwenye sketi, akajiambia ni taa za ukumbini.

Maonyesho yaliitwa "Mvua Mbili": michoro ya kisasa ya Amazoni upande wa kushoto, ya Afrika Mashariki upande wa kulia, ndani ya ghala la zamani la chai ambalo baada ya kupakwa rangi nyeupe liliitwa makumbusho. Mratibu, Lilian, aliyetoka Dar, ndiye aliyeandika maelezo ya ukutani, na ukimwuliza maana yake mara mbili alikujibu mawili tofauti. Ikupa alikuwa mhifadhi. Alifungua makasha, akapima, akatundika.

Mchoro mkubwa kuliko yote ulikuwa wa baraza la nyumba ya mbao, mvua ikinyesha, watu watano wamebanana kwenye benchi, wametupa mgongo. Wa sita, mzee mwenye shati jeupe, alikuwa amesimama, uso kwetu.

Jana yake, wakati wa kuutundika, Doreen, mtoto pekee wa Ikupa, miaka sita, aliukodolea macho.

"Mama, huyu babu mbona kasimama?"

"Hajapata nafasi."

"Na hao hawamwoni?"

Ikupa, juu ya ngazi, misumari mdomoni, alicheka. Kwao mtoto hakai mkubwa akiwa amesimama. Hilo Doreen alilijua kabla ya kujua kuhesabu. "Basi mpe babu kiti."

Mtoto akakiburuta kigoda cha kuchongwa walichoazima kijiji cha Nkunga, akakiweka mbele ya mchoro, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, babu. Kaa."

Lilian alipokikuta pale alifurahi mno. Kisiondolewe, alisema, na palepale akaandika maelezo mapya: kiti kitupu ni swali ambalo ukanda mmoja wa tropiki unauuliza mwingine.

Njiani kurudi nyumbani, Makandana, Doreen alisema, "Babu kaitika. Kasema ndaga." Ndaga, asante ya Kinyakyusa. Ikupa aliona mtoto anacheza.

Sasa, mkono wake bado ukisikia lile joto, aliinua macho kwenye mchoro. Pale aliposimama mzee palikuwa na mbao tupu, zimelowa.

"Labda ni mwanga," Lilian alisema, bila kuinua macho kwenye simu.

Jioni hiyo Doreen aliacha kuongea. Kesho yake alikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Hospitali walipima malaria, hakuna. Wakapima tena, hakuna. Na ukumbini, harufu ya matope na majani yaliyooza ilikuwa imejaa hadi Lilian akawasha udi, na juu ya zile mbao tupu palikuwa pameota kitu kidogo chekundu. Ikupa alisogea. Lilikuwa sweta la shule, kama la Doreen. Juu ya sweta palikuwa na kichwa ambacho bado hakina uso.

Alimleta Bi Biubwa, fundi cherehani wa mtaa wa Bagamoyo, palepale Tukuyu, ambaye watu wa mjini walimfuata kwa sare mchana na kwa mengine kwa siri. Doreen alikuwa mgongoni kwa mama yake, mzito, macho wazi. Bi Biubwa aliishia mlangoni pa ukumbi, akanusa.

"Nani alimpa kiti?"

"Mtoto."

"Mtoto hutumwa, mwanangu. Nani alimtuma?"

Ikupa alimpandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Huyo sasa keshaketi," Bi Biubwa alinong'ona. "Mahali pake pa kusimama pako wazi, na hapakai wazi. Aliyempa kiti ndiye anakwenda kusimama."

"Tumfukuze."

"Kwa lipi? Mmemkaribisha, mmemwamkia, mkambandikia na karatasi."

"Basi nauchoma huo mchoro."

"Na mwanao keshaingia nusu?"

Kigoda kikalia, kwa taratibu, kama kinavyolia mtu mzito akijigeuza.

"Nitasimama mimi," Ikupa alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma."

"Kurudi siwezi kukuahidi."

"Sijakuuliza kurudi, bibi. Mshike mtoto."

Ilikuwa saa kumi alasiri, umeme umekatika, ukungu umeingia mpaka ndani, na Ikupa alitembea kuelekea kile kigoda akihesabu hatua ili asihesabu pumzi, maana pumzi zilikuwa mbili, yake na nyingine, na ile nyingine ilikuwa na maji ndani yake, na kila alivyosogea mvua ya juu ya bati na mvua ya kwenye mchoro zilizidi kufanana mpaka asijue ipi inamlowesha shingo, akafumba macho akasema, "Kiti nilikitoa mimi," na chini ya nyayo zake sakafu ya saruji ikawa mbao.

Alipofumbua aliuona ukumbi mbele yake. Doreen alikohoa, akalia, akaomba uji. Mzee wa shati jeupe aliinuka, akajinyoosha, akatoka mlangoni kuelekea sokoni.

Bi Biubwa alikirudisha kigoda Nkunga kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya ufunguzi, Lilian aliwaambia wageni kwamba mhifadhi amepata dharura. Alisimama mbele ya mwanamke aliyechorwa akiwa na kitambulisho cha kazi shingoni, akaeleza habari ya mvua na kumbukumbu, asimtambue. Bi Biubwa alimvuta pembeni, akimsihi mchoro ule ufunikwe, na katika kubishana huko akauachia mkono mdogo aliokuwa ameushika.

Doreen aliutazama mchoro muda mrefu.

"Mama kasimama tangu juzi," alisema, bila kumwambia yeyote.

Akaenda kwenye safu ya wageni, akachukua kiti cha plastiki, akaanza kukiburuta. Safari hii hakutumwa na mtu.

Ikupa alitaka kupiga kelele. Mdomo wake ulikuwa wa rangi, tena ilishakauka.

Mtoto alikiweka kiti vizuri, akakifuta kwa mkono wa sweta, akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa.

"Kaa, mama."

Na Ikupa akasikia magoti yake yameanza kukunjika.