Vidonge Alivyovimwaga Bi Saleha

Nawaombeni mnisikilize, jamaa zangu, hasa nyinyi akina mama. Haya yametokea hapa hapa mjini kwetu Mudhaibi, nyumba ya pili kutoka kwetu.

Kila Ijumaa baada ya sala, nyumba ya Bi Saleha ilinukia pilau na ubani. Mwanawe Khalaf, dereva wa kupeleka watalii mchangani, kwenye jangwa la Al Mintirib, alikaa na mkewe Ghadeer na dada yake Israa, wakicheka mpaka chai ikapoa. Israa alikuwa amechumbiwa na Tuwaini, mtoto wa Bi Shouq, na milka, yaani siku ya kufunga ndoa, ilikuwa karibu.

Mgongo ndio ulioanza. Kurushwarushwa na gari juu ya mchanga kulimuumiza Khalaf, na dereva mwenzake akampa vidonge vya kutuliza maumivu ya mishipa. Maumivu yakaondoka, vidonge vikabaki. Akazidisha kila mara, akawa hana usingizi, mkali, msahaulifu. Ghadeer alipomlaumu, alimcheka.

"Serikali haijavikataza. Na Panadol je? Utaniita mlevi wa Panadol?"

Na kweli, sheria ilikuwa haijavitaja. Hapo ndipo wengi tulipojidanganya, tukaona kisichokatazwa hakidhuru.

Kisha ikatoka amri: vidonge vile vimeingizwa katika dawa zinazodhibitiwa, na kuwa navyo bila ya cheti cha daktari ni kosa. Bi Saleha aliisoma kwenye simu. Alichokifikiria ni ile milka. Akaingia chumbani kwa Khalaf, akavitoa vyote chini ya godoro, akavimwaga chooni. Akamfungia mwanawe mlango kwa nje.

"Akiuliza mtu, sema ana homa," alimwambia Ghadeer. "Khalas, yamekwisha. Watu wa Tuwaini wakijua, Israa atabaki hapa hapa bila ya mume."

Usiku Ghadeer alimrudia. "Mama, mbona anatetemeka hivi? Tumpeleke hospitali, Ibra."

"Ili wamchukue polisi? Atatulia mwenyewe."

Hakutulia. Alilowa jasho, akawa anazungumza na watu wasiokuwapo. Kesho yake mchana Ghadeer alisikia kishindo. Alipofungua mlango alimkuta mumewe sakafuni, degedege limemshika, damu usoni. Safari hii hakumwomba mtu ruhusa. Yeye na Israa walimbeba mpaka garini, akaendesha mwenyewe hadi Ibra.

Daktari aliwaeleza kuwa mwili uliozoea vidonge vile hauachishwi kwa ghafla. Hupunguziwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi. Akasema pia kwamba anayeletwa na jamaa zake kutibiwa hupokewa kama mgonjwa. Bi Saleha alijifunika uso kwa mtandio.

Walipokuwa wakingoja nje ya wodi, Bi Shouq alifika na chupa ya kahawa na tende, kama ilivyo ada. Akamimina, akauliza homa gani hii iliyomlaza kijana namna hii. Bi Saleha alimtazama Israa. Israa akaitikia kwa kichwa. Basi mama akasema yote, mpaka choo.

"Kama hamtaki tena kuoana na sisi, shoga yangu, nitafahamu," alimalizia.

Bi Shouq aliiweka finjani yake chini, imejaa vile vile.

"Ulivimwaga vyote?"

"Vyote."

"Na mimi," alisema polepole. "Vya Tuwaini. Asubuhi hii. Nimemfungia mlango, nimewaambia watu ana homa."

Aliyetangulia kufika kwenye gari ni Israa.

Tuwaini walimwahi akiwa na fahamu zake. Khalaf yu hai, lakini alipoanguka aliumia jicho, na mchangani haendeshi tena. Milka imeahirishwa. Israa anasema atamngoja Tuwaini apone, ila ukimuuliza mpaka lini, huinuka akaenda kukuletea chai.

Funzo

Msingoje serikali ikataze kitu ndipo mkiogope. Na ikishakikataza, msimfiche mgonjwa wenu kwa kuogopa maneno ya watu, wala msimwachishe wenyewe nyuma ya mlango. Sheria inaweza kuitaja sumu kwa jina lake, lakini haiwezi kuingia chumbani ikamshika mtoto wako mkono. Hiyo ni kazi yetu. Mpelekeni kwa daktari, na semeni. Nyumba mbili hizi zilikuwa na siri moja, na kila moja ikidhani iko peke yake.