Unga wa Muhogo Ndani ya Radiateur

Bwana harusi niliyetumwa kumtengenezea gari alikuwa mchumba wangu.

Naam, wangu. Alikuwa amemwahidi mama kwamba ataleta mahari baada ya Pasaka.

Mwaka 1979, kilima cha Nyangezi, barabara ya Kamanyola. Baba yangu, Papa Philémon, alikuwa na garaji mtaani Kadutu. Siku tulipoitwa kwenye gari la harusi, malaria ilikuwa imemlaza, nikabeba mfuko wa spana mimi.

Nikakuta Peugeot 404 kuukuu inatoa mvuke, imepambwa maua. Ndani ameketi bibi harusi, Valérie, na shela yake. Kando yake, baba yake, Muzee Gérard. Na Honoré wangu amesimama nje, ndani ya abacost mpya, suti isiyo na tai.

"Mufundi amefika," akasema. Hakupepesa hata jicho.

Mufundi...

Akajifanya ananionyesha injini, akaninong'oneza: "Nyamaza. Nitakuelezea."

Muzee Gérard akateremka. "Binti, angalia muzuri. Hii gari ndiyo mahari ya mutoto wangu. Nilikubali iwe pahali pa ng'ombe kumi."

Nikaangalia. Mkanda wa feni umekaza. Bomba la juu la radiateur, kipoza maji cha injini, linaunguza. La chini, baridi. Basi maji hayapiti.

Nikangoja kidogo, nikalegeza bomba la chini.

Ukatoka uji mweupe, mzito.

Unga wa muhogo! Dereva akikwama porini hutia konzi moja kuziba tundu, afike nyumbani. Honoré aliyaona hayo kwenye garaji yetu. Yeye alitia mfuko mzima, akaenda kuoa.

"Ni nini hiyo?" Muzee akauliza.

"Bugali, papa. Radiateur iko na tundu, wameificha."

Akamgeukia mkwe wake polepole. "Ng'ombe mugonjwa ningemuona kwa macho yangu."

Kisha kwangu: "Itapona?"

Wasomaji wangu, jibu lilikuwa ndiyo. Kuosha radiateur, kulehemu tundu, siku mbili. Ndoa yote ilikuwa mdomoni mwangu.

Honoré akadakia: "Ni maji tu, papa. Mufundi, weka maji. Misa iko saa tano."

"Injini ingali moto," nikasema.

"Weye uko mufundi ao uko avocat wa kortini?"

Valérie akacheka.

Kile kicheko...

Maji baridi ndani ya injini ya moto hupasua culasse, kichwa chake cha juu. Mtoto yeyote wa garaji anajua. Ilinipasa kugoma. Nikachokonoa uji kwa waya, nikafunga bomba, nikamimina ndoo nzima ya maji ya mto.

Ta!

"Na hiyo?" Muzee akauliza.

"Culasse imepasuka, papa. Sasa ni chuma tu."

Muzee akamshika binti yake mkono. Wakateremka kilima kwa miguu, shela ikiburuta matopeni.

Honoré akanikodolea macho. Nikamwambia: "Nyamaza. Nitakuelezea."

Nilirudi Kadutu nikiimba.

Miezi minne ikapita. Valérie akaja garaji, tumbo mbele. Baba yake alikuwa amemfukuza kwa mimba ya Honoré. Na mwenyewe? Amekimbilia Shabunda kutafuta dhahabu, hata barua hakuna.

Akaketi juu ya tairi kuukuu.

"Dada, nimesikia alikuwa muchumba wako."

"Ndiyo."

"Mimi sikujua."

Nikafuta mikono kwa kitambaa cha oili.

"Niambie ukweli. Ile gari ingepona?"

"Siku mbili."

Hakulia. Afadhali angelia.

"Ungeniita kando ya barabara," akasema. "Neno moja tu. Ningevua shela mimi mwenyewe, ningemuacha mimi. Sasa naitwa yule aliyerudishwa sababu ya gari."

Akainuka, akaenda zake.

Dada zangu, nilikuwa na diplome d'État, cheti cha sekondari, na maneno ya kumtosha kila mtu pale kilimani. Nikachagua ndoo. Nilidhani namchoma Honoré, kumbe yeye alikuwa na miguu ya kukimbia.

Ukiwa na ukweli, mpe mwanamke mwenzako angali na nafasi ya kuchagua. Mimi nilimpa Valérie ukweli wake alipokuwa hana tena pa kwenda.