Kiti cha Safu ya Pili

"Tangazo la Awali Kuhusu Uchunguzi wa Kiti Kimoja cha Ziada Katika Safu ya Pili ya Wapiga Fidla." Ndivyo ilivyosomeka karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi, na chini yake Katibu wa okestra alikuwa amegonga mhuri mara mbili, maana wa kwanza haukumridhisha.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao, cheusi, hakina namba ya ukumbi. Jioni kilipelekwa stoo. Asubuhi kilikutwa tena safu ya pili, ubavuni mwa binti wa mtunzi, kimegeuzwa kidogo upande wake kama cha mtu anayetaka kunong'ona. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu alikuwa amekigusa akakikuta na joto, lile joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Baba yake ndiye aliyekuwa mtunzi. Miaka mingi alitunga muziki mgumu, ambao watu waliupigia makofi kwa adabu, kama wanavyomsifia jirani kichanga chenye sura ya babu yake. Kila kazi yake ilipigwa mara moja. Ya pili hakuna aliyeiomba. Wapigaji walimbandika jina la Mzee Kimya, kwa tabia yake ya kunyamazisha vyombo vyote katikati ya muziki na kuwaacha wasikilizaji wasikilize viatu vyao. Sasa uzeeni alikuwa amepewa kazi kubwa ya kwanza, muziki wa kufungulia ukumbi mpya, na humo akaweka kimya kirefu kuliko vyote.

"Baba, pale katikati mbona pana shimo?" binti alimwuliza wakinywa chai.

"Si shimo. Ni nafasi."

"Nafasi ya nani?"

Mzee alikuna kidevu. "Ya yeyote mwenye kitu bora kuliko changu. Mimi nimeishiwa, mwanangu." Akacheka peke yake.

Siku ya pili yake walipiga muziki huo mwanzo hadi katikati. Kiongozi wa okestra akainua mkono, vyombo vikanyamaza, na hapo binti alisikia harufu ya nywele zilizoungua, kisha pumzi ya baridi ikamshukia shingoni kutoka upande wa kile kiti, kisha mvumo, kama mtu anayeimba amefumba mdomo, na kabla hajajua afanye nini vidole vyake vilianza kutembea juu ya nyuzi bila kumwomba ruhusa, uta ukaenda wenyewe, na wimbo ukatoka, mfupi, ambao hakuna aliyeuandika, mzuri mpaka mpiga ngoma kule nyuma akajikuta anafuta machozi na kutazama dari kuona panapovuja.

Kiongozi alishusha mkono. "Umepiga nini hapo?"

"Si mimi."

"Nani sasa? Kiti?"

Watu wakaangua kicheko, na kiti nacho kikatoa mlio wa kukatikakatika, kama cha mtu aliyeufurahia utani. Binti alimtafuta baba yake kwa macho. Alikuwa amesimama ukutani, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye njaa aliyesikia harufu ya jikoni kwa wenyewe.

Jioni ile alikuja shangazi, dada mkubwa wa mzee, mganga wa watu waliopandwa na mashetani. Mzee hakuwahi kumtaja mbele ya wanamuziki wenzake. Shangazi alisikiliza yote, akamtazama mdogo wake.

"Kaka, na kusoma kwako kote. Mtu anayepandwa na jini, sisi waganga tunamwitaje?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Kiti."

"Haya. Hicho cha mbao ni posa tu. Kiti anachokitaka jini kina nyama, na tayari amekaa ubavuni mwa binti yako." Akashusha sauti. "Kifute hicho kimya chako. Jaza tarumbeta, jaza ngoma, jaza hata kikohozi. Na mtu akiuliza kiti ni cha nani, nyamazeni. Atakayesema changu, amekaliwa."

Mzee, ambaye kwa maisha yake yote hakukubali kuguswa noti moja, alikifuta usiku uleule. Kesho yake tarumbeta zilipasua pale palipokuwa kimya, na hakuna kilichopumua. Binti alishusha mkono kwa siri akagusa kiti. Baridi. Akavuta pumzi ndefu kama aliyetua mzigo.

Ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia Katibu na mhuri wake.

"Samahani kwa kuwakatiza. Uchunguzi haujafungwa. Kwa mujibu wa kanuni, hakuna kiti kisicho na mwenyewe." Akakielekezea kalamu. "Kiti hiki ni cha nani?"

Hakuna aliyejibu. Wapigaji wengine hawakujua, na binti na baba yake walikuwa wametii walivyoagizwa, hivyo ukumbi mzima ulinyamaza, ukanyamaza, na binti akatambua, huku harufu ya nywele zilizoungua ikipanda na pumzi ikimshuka tena shingoni, kwamba kimya kilichofutwa kwenye karatasi kimerudi kupitia ofisini, na kwamba taya lake linafunguka, na ulimi wake unajipanga kwa neno ambalo yeye hakulichagua.

"Cha..."

"Changu," baba yake alisema kutoka ukutani. "Andika ni changu, Katibu."

Binti alimtazama. Aliitafuta ile njaa usoni mwake asiione. Aliona hofu tu.

"Si ungesema mapema, mzee," alisema Katibu, akagonga mhuri.

Ukumbi mpya ulifunguliwa, na watu walisimama kwa makofi, wakaomba muziki urudiwe. Tangu hapo kazi zinamiminika, na mzee anatunga bila kufuta. Jina la Mzee Kimya limekufa. Chai haigusi. Mezani hukaa amegeuka kidogo, kama anayetaka kunong'ona, naye humwita binti yake "wewe mpiga fidla". Shangazi alikuja na vifaa vyake, akafika kizingitini, akanusa, akarudi nyuma.

"Nitamfukuzaje," alimwambia binti kwa sauti ndogo, "na mwenyewe alimkaribisha kwa mdomo wake?"

Taarifa ya mwisho ya uchunguzi inasema mwenye kiti amepatikana, na shauri limefungwa. Kilichotokea ni kwamba jini alimtaka binti, na baba akakaliwa badala yake.