Osea Hakulewa

Asubuhi ile wanaume wa Iyula walikuwa wakiezeka nyumba ya Kefa. Enzi hizo za Mwingereza watu walisaidiana kujenga, na mwenye nyumba aliwapikia pombe. Osea, kaka yake Kefa, alikuwa juu ya paa akipokea nyasi. Alikuwa amekunywa kata moja tu. Mguu ukateleza, akaanguka, kichwa kikagonga gogo.

Alizimia kidogo. Kisha akaamka, akaketi, akaomba maji. Wanaume wakaangua kicheko.

Mkewe, Tabita, aliacha kusonga ugali akaja. Osea alilalamika kichwa kinamuuma. Baada ya muda akatapika. Akatapika tena. Akaanza kusinzia, na ulimi wake ukawa mzito.

"Shemeji, usihangaike," Kefa alisema. "Pombe hiyo. Mwache alale, itamtoka."

"Kata moja imwangushe mtu mzima? Wewe umekunywa ngapi, mbona umesimama?"

"Jamani, wanawake! Mtu akilewa kidogo, mnalia msiba."

Tabita aliwaka hasira. Mtu ameanguka kutoka juu ya paa mbele ya macho yao, nao wanamcheka! Mmoja alikuwa tayari ameleta kata nyingine, eti Osea azimue. Tabita aliipiga kofi, pombe ikamwagika. Akakaza nguo kiunoni, akakimbia hadi kilima cha pili kwa Fanueli, dresa aliyehudumia wagonjwa kwenye zahanati.

Fanueli alikuja mbio. Alimwita Osea, naye akafungua macho kwa shida. Dresa akayamulika kwa tochi. Mboni moja ilikuwa kubwa kuliko ya pili.

"Ameanguka saa ngapi?"

"Saa tatu," Kefa alijibu.

"Na sasa ni saa sita! Mlikuwa mnangoja nini?"

"Tulidhani amelewa, Bwana dresa. Mbona alipoamka alizungumza vizuri tu?"

"Ndiyo hatari yenyewe! Mshipa ukipasuka ndani ya fuvu, damu huvuja polepole. Mtu anazungumza, kumbe damu inajikusanya na kuubana ubongo. Mtu akigonga kichwa akazimia, au akatapika tena na tena, au akasinzia, au akachanganyikiwa, au mkono ukalegea, au akapata kifafa, msimwache alale. Mpelekeni hospitali upesi. Dalili moja inatosha."

"Niliwaambia hakulewa!" Tabita alisema.

"Mama, hata angelewa chakari, fuvu la mlevi si la chuma. Harufu ya pombe si sababu ya kungoja."

Walitengeneza machela kwa miti na blanketi. Walimgeuza Osea ubavu asipaliwe na matapishi, na Fanueli akashika kichwa ili shingo isipinde. Hawakumpa chakula, maji wala dawa yoyote. Kefa alibeba mbele mpaka hospitali ya misheni, akakataa kupokewa.

Daktari alitoboa fuvu, akatoa damu iliyoganda. Osea alipona, lakini taratibu. Kwa miezi alisahau majina ya watu, akakasirika ovyo, na kelele zilimsumbua.

"Ubongo bado unapona," Fanueli aliwaambia. "Apumzike. Asipande juu, asinywe pombe. Nanyi mvumilieni."

Msimu ule Kefa alichuma kahawa yote ya kaka yake, wala hakusubiri kuombwa.

Mwaka uliofuata, watu walimjengea jirani yao Amoni. Sasa pombe ilitolewa kazi ikiisha, lakini Amoni alikuwa ameanza mapema, tena kwa siri. Huyo alilewa kweli. Alianguka kutoka juu ya paa, akagonga kichwa, akazimia. Mtu mmoja akacheka.

Kefa akamkunja shati. "Cheka tena nikuone! Leta miti ya machela!"

Amoni alilazwa hospitali siku moja, akiangaliwa kila saa. Hakuonekana na dalili yoyote mbaya, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Wabebaji wakanung'unika kwamba wamechoka bure.

"Bure?" Tabita alifoka. "Amoni yuko pale anakula ugali na wanawe, nanyi mnasema bure?"